Picha ya Gego la Sifaeli

Sifaeli alirudi Nkoaranga kutoka kwa daktari wa meno mjini na shavu limefura kama andazi. Daktari alimpiga eksirei ya kisasa, ile inayotokea kwenye kompyuta hapohapo, akamwonyesha usaha chini ya gego na kumwambia ling'olewe. Sifaeli akaomba arushiwe picha kwenye simu, kisha akatoroka.

"Mashine ile kiboko!" akawatangazia majirani kwa shida. "Mionzi imeshaua wadudu wote."

Mkewe, Magreth, akabetua midomo. "Kwa hiyo ukipigwa picha ya pasipoti, umeshafika Ulaya?"

Kesho yake wageni walikuja kumposa binti yao, Tabitha. Nyumba ikajaa, loshoro ya mahindi na maziwa mgando ikapakuliwa. Sifaeli, msemaji wa ukoo, cheo alichokililia miaka, akasimama. Kilichotoka ni mate na mlio kama wa ndama. Akatoa simu, akaanza kuwaonyesha wageni ile picha.

"Baba Tabitha, hawa wamekuja kuomba mchumba, si kukagua gego lako," Magreth alisema. "Kaa chini. Shemeji Sumari, tusemee."

Sumari! Mdogo mtu, ambaye Sifaeli humwita mropokaji kila siku! Akainuka kwa madaha, akawakaribisha wageni kwa maneno matamu mpaka akina mama wakapiga vigelegele.

Sifaeli akamvuta mkewe kanga. "Waambie wangoje," akanong'ona huku mdomo umepinda. "Nikang'oe, nirudi niongee."

"Wewe nenda tu, mume wangu," Magreth akamjibu akimpigia Sumari makofi. "Hapa hatukungoji."