Kiraka cha Mpanda Angani

"Kazi ya Sylvanus hairudi kwa fundi," alisema Sylvanus mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine wa kulisema hilo. Alikuwa anagonga bomba la bani la kukaushia tumbaku, kibandani kwake katika soko la Kashaulili, mjini Mpanda. Méthode, mkulima wa Katumba, alikaa juu ya debe akilisubiri. Bani lake, lenye bomba la fundi huyuhuyu, liliungua msimu uliopita, na tangu hapo Katumba nzima inamwita Usingizi. Bani likiungua, basi mchochea moto alilala.

"Safari hii unywe kahawa, mtani," Sylvanus alimwambia.

Ndipo setilaiti iliposhuka, ikatua kati ya baiskeli ya Méthode na mihogo ya Dorice, muuzaji wa jirani.

"Sogea, unaniziba," Dorice aliiambia. Ikasogea.

Sylvanus aliitambua. Ilipokuja mara ya kwanza ndiye aliyeitia kiraka, na hajaenda harusi hata moja bila kukitaja. Akaizunguka kifua mbele. Ngozi ya kiwandani ilikuwa taabani: jua la huko juu limeikausha kama ganda la kitunguu, na chembe za oksijeni za huko zimeilamba mpaka ikabaki utando. Bati la kiraka chake Sylvanus liling'aa vilevile.

"Mnaona nyie? Ya kiwandani imechakaa, ya Mpanda ipo!"

Soko likapiga makofi. Méthode akainama.

"Bati zima, fundi. Mshono ndio umeachia."

Huko juu, kila mzunguko ni kuungua juani na kuganda kivulini. Bati hutanuka, husinyaa. Mshono uliokunjwa mara mbili huvumilia. Huu ulikunjwa mara moja.

"Kama bomba la bani," Méthode alisema. "Moto, baridi, moto, baridi."

"Kwenye bani ulilala, wewe!" Sylvanus alimjibu.

Setilaiti ikafungua jicho, ikaangaza ukutani picha ya msimu ule: Méthode yuko macho kabisa, anachochea kuni, cheche inaruka kutoka kwenye mshono wa bomba.

"Kumbe ulivaa sweta ya kijani," Dorice alisema, akageuza mihogo.

Sylvanus aliikunjia setilaiti mshono mara mbili, ikapaa. Jioni ikapita juu ya soko, inametameta.

"Kiraka cha Mpanda kile!" Sylvanus akainyooshea kidole. "Nimekunja mara mbili, kama kawaida yangu."

"We Usingizi, giza litakukuta njiani!" mtu alipaza sauti.

Méthode alikuwa anafunga bomba jipya kwenye baiskeli. Akapitisha ukucha kwenye mshono, taratibu, akamtazama fundi.

"Huu umekunjwa mara moja," alisema.