Alichokilinda Roscoe

Shangazi Verlene alikuwa ameapa kutoikanyaga nyumba ile ya akina Hollis, wazungu wenye shamba la pamba. Zama za utumwa wazee wetu waliuzwa pale kama ng'ombe, na hakumsamehe kaka yake Roscoe kwa kubaki kuwalimia wenye nyumba hata baada ya ukoo mzima kuhamia mjini Natchez. Alimwita kibaraka wa wazungu. Kwa miaka mingi walisalimiana misibani tu.

Nyumba ilipokwisha kukarabatiwa, Caroline, mjukuu wa wenyewe, alitupigia simu kutualika. Shangazi alikubali shingo upande, akavaa kofia yake ya kanisani, nami nikaendesha gari.

Tuliingia kwa mlango wa mbele. Shangazi alitazama nguzo nyeupe na ngazi zilizong'arishwa, mkoba kaukumbatia. Kwenye chumba cha kulia alisema tu kwamba bibi yake aliingia humo kila siku na sahani za watu, wala hakuwahi kuketi. Caroline akamvutia kiti. Shangazi akaketi.

Kisha tukapelekwa nyuma, kwenye kichaka cha mialoni katikati ya shamba la pamba. Chini yake kulikuwa na makaburi yaliyofagiliwa, kila moja na jiwe lake. Hapo ndipo alipolala Keziah, mama wa ukoo wetu.

Caroline alitueleza kwamba babu yake aliwahi kutaka kichaka king'olewe, apande pamba. Dereva wa trekta alikuwa Roscoe. Alizima injini, akasema anayetaka kulima hapo aanze kumlima yeye. Mzee akanywea, maana hakuwa na fundi mwingine wa mashine zake. Roscoe naye hakuondoka tena. Alijua akiondoka tu, trekta litaingia.

Shangazi alipiga magoti na kofia yake, akalia.

Tulimkuta Roscoe barazani kwake, anakula njugu za kuchemsha.

"Umepotea njia?" akauliza.

"Natoka kwa Keziah."

Akaacha kutafuna.

"Mbona hukuniambia, kaka?"

"Ningekuambia saa ngapi? Mdomo wako hauna breki tangu uzaliwe."

Shangazi alicheka huku machozi yakimtoka, akamshika mkono. "Ahsante. Umetulindia mama yetu, nasi tukakutukana."

 Roscoe alisogea kwenye benchi, akampisha dada yake, akamwekea bakuli la njugu mapajani.