Nafasi Moja ya Voi

Shule ilisema ziara ya Voi ni lazima. Asiyekwenda hapati alama za mradi, na aje na mzazi aeleze.

Mwanaesha alikuwa na mabinti wawili katika darasa hilo, Nasiha na Fadhiya, pacha waliofanana mpaka majirani wa mtaa wa Kuze waliwaita kwa majina yote mawili ili wasikosee. Tuktuki ya mumewe, Athmani, ilikuwa imelala gereji mwezi mzima. Basi Mwanaesha akauza friji aliyokuwa akigandishia barafu za ukwaju, akaichukua mwanamke mmoja wa Bondeni, na fedha zenyewe zikatosha mtoto mmoja.

"Atakwenda Nasiha," alisema bila kuwatazama. "Fadhiya, zamu yako mwakani, inshallah."

Hakuna aliyebisha. Watoto wale hawakuwa na desturi ya kunyamaza, na kimya chao kilimkaa Mwanaesha rohoni.

Alfajiri ya safari, Athmani alimsindikiza aliyevaa sare hadi kwenye basi. Aliyebaki alilala akiuelekea ukuta, leso imemfunika gubigubi, akasema kichwa chamuuma. Mwanaesha aliona ni uchungu wa kuachwa. Akamwacha alale, akaenda kuuza mbaazi zake.

Aliporudi adhuhuri, simu ikalia.

"Mama Nasiha? Ni Mwalimu Cynthia. Usishtuke. Nasiha amekanyaga bati, amejikata unyayo. Tuko zahanati, wameshamshona. Sasa daktari anataka kumdunga penisilini, naye analia, hataki, wala hasemi kwa nini. Kuna dawa inayomdhuru?"

"Nasiha? Hana shida yoyote huyo. Ni woga wa sindano tu. Mshikeni, mwalimu, adungwe."

Alikata simu akishukuru kimoyomoyo kwamba aliyekwenda si Fadhiya. Fadhiya alidungwa dawa hiyohiyo akiwa mdogo, uso ukafura, koo likaziba, wakamkimbiza hospitali midomo imekuwa ya buluu. Daktari aliwaambia: asidungwe tena maishani.

Nyuma yake leso ilianguka sakafuni.

"Mama, nani adungwe?"

"Nduguyo. Amejikata mguu huko Voi."

Yule mtoto alishika mwimo wa mlango. "Mama, miye ndiye Nasiha. Tulibadilishana. Fadhiya alilia usiku kucha."

Mwanaesha alipiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena, mteja hapatikani. Hakutafuta viatu. Alitoka mbio, buibui likimpepea, akipita katikati ya watu vichochoroni bila kumsalimu mtu, Nasiha akimfuata kwa nyuma, mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu Kiti alikuwa akila chakula cha mchana.

"Mpigie dereva," Mwanaesha alisema, pumzi zikimwisha. "Aliye Voi si Nasiha, ni Fadhiya. Ile dawa itamuua."

"Pole pole, mama. Yaani mmetuletea mtoto mwingine? Mmeidanganya shule?"

"Tufukuze kesho! Sasa hivi piga simu!"

Kiti alimtazama Nasiha aliyesimama mlangoni. Akaisukuma sahani kando, akapiga, akaweka sauti wazi. Chengo, dereva wa basi, aliitika; alikuwa nje ya zahanati.

"Kimbia ndani!" Kiti alisema. "Mwambie daktari asimdunge mtoto. Kimbia!"

Walisikia viatu vikigonga saruji. Walisikia mlango, na sauti ya mtoto akilia kwa mbali. Kisha Chengo akapaza sauti, "Daktari, ngoja! Ngoja!" Mwanaesha alishika ukingo wa meza, macho yakiwa kwenye ile simu.

"Mwalimu," Chengo alisema, akihema. "Manesi wawili walikuwa wamemshika, na sindano ilikuwa tayari. Hajadungwa."

Mwanaesha alikaa chini, palepale sakafuni.

Kiti alisema, "Hili lazima nilifikishe kwa bodi. Kulikuwa na haja gani ya kufanya hivi?"

"Ulisema ni lazima, mwalimu. Nina watoto wawili. Ungekuwa wewe, ungemwacha yupi?"

Kiti aliifunika sahani yake.

Jioni basi lilirudi. Fadhiya alishuka akichechemea, amemshikilia Mwalimu Cynthia. Nasiha alimrukia nduguye, wakalia wote wawili. Mwanaesha alimvuta Fadhiya kando.

"Kwa nini hukuwaambia dawa hiyo yakudhuru?"

"Ningesema, wangejua miye si Nasiha, naye angekosa alama." Fadhiya alifuta pua kwa mkono wa sare. "Halafu nikataka kusema. Lakini simu ya mwalimu ilikuwa na sauti kubwa. Nikakusikia wasema nishikwe."

Mwanaesha alimbeba mgongoni mtoto mkubwa yule, akapita naye kati ya wazazi wengine bila kumtazama mtu.

Bodi iliwanyima alama wote wawili. Lakini kwenye mkutano wa wazazi Athmani alisimama, mtu ambaye hata harusini hakupenda kusema, akawauliza waliokuwamo ni nani mwingine aliyeuza kitu cha nyumbani kwa ajili ya safari ile. Mikono iliinuka mmoja mmoja, kwa haya, mpaka ikawa mingi kuliko iliyobaki chini. Mwalimu Kiti aliitazama kwa muda mrefu, kisha akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo ziara ni ya apendaye, na alama hazitafungamana nayo.

Watu walipiga makofi. Mwanaesha hakupiga. Alikuwa amewashika wanawe mikono, mmoja huku na mmoja huku.