Pembe ya Jicho

Pale kituo cha kuokoa wanyama walimwita Mshikaji, na jina halikuwa la kumsifu wala la kumkebehi. Ndiyo kazi yake. Daktari alichoma sindano, yeye alishika. Mbwa aliyegongwa na gari, punda aliyevunjika mguu chini ya mzigo, paka aliyemwagiwa maji ya moto na watu wenye akili zao timamu, wote walipitia mikononi mwake. Wale waliopona walipata wamiliki wapya na picha ya kuagana. Wasiopona, waliochomwa sindano ya mwisho, ndio hasa walikuwa wake.

Kushika kuna utaratibu. Unaweka mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine nyuma ya sikio, halafu unazungumza. Unachosema hakijalishi, daktari alimwambia tangu mwanzo, ilimradi sauti isipande wala kushuka. Yeye alikuwa na maneno yake, yaleyale siku zote: "Tulia. Niko hapa. Hakuna anayekufukuza tena." Wengi wa wateja wake walikuwa wamefukuzwa maisha yao yote, kwa mawe na kwa mafagio, kwa hiyo maneno yaliwafaa. Mwili ukishalegea, aligusa pembe ya jicho kwa ncha ya kidole. Likipepesa, bado. Lisipopepesa, alimwashiria daktari kwa kichwa, daktari akaweka kipimo kifuani ili kuhakikisha moyo umesimama, na meza ikafutwa kwa dawa.

Mwanzoni alilia, tusimsingizie moyo wa jiwe. Alilia chooni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Halafu siku moja akaingia, akafungua bomba, akasubiri, na hakuna kilichokuja. Akanawa mikono, akatoka. Kusema kweli aliona nafuu. Watu wa kujitolea walikuja na hamu ya kubembeleza watoto wa mbwa, wakaingia chumba cha daktari mara moja tu, wakaaga wakiwa na macho mekundu, na kesho yake simu zao hazipatikani. Yeye alibaki. Mahali kama pale lazima abaki mtu.

Sasa, baba yake alipokuwa anakata roho, ilikuwa mchana, nyumbani, na chumba kimejaa. Mama yao alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha pili, hajiwezi kwa uchovu. Shangazi alisimama dirishani. Mdogo wake wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeishi na wazazi na ndiye aliyewauguza, alikaa miguuni pa mzee. Mzee alitapatapa, akivuta shuka na kuisukuma. Kila mtu mle ndani alijua kulia, ila hakuna aliyejua la kufanya.

Mshikaji akasogea. Hakufikiri. Mkono mmoja ukaenda chini ya kidevu cha baba yake, mwingine nyuma ya sikio, na mdomo ukaanza wenyewe kumwambia atulie, yuko hapo, hakuna anayemfukuza tena. Na mzee alitulia. Pumzi ikapungua kidogo kidogo, mikono ikaachia shuka. Ilipokoma kabisa, binti yake huyo mkubwa akanyoosha kidole, akagusa pembe ya jicho lake. Halikupepesa. Akainua kichwa na kuashiria, akimtafuta daktari.

Daktari hakuwepo. Alikuwepo shangazi, mdomo wazi, na alikuwepo mdogo wake, ambaye aliwahi kumtembelea kazini na aliijua ile ishara.

"Umemfanya Baba mbwa," mdogo wake akasema. Hakupaza sauti. "Umemshika kama mbwa, ukamsemesha kama mbwa. Nani alikuwa anamfukuza Baba?"

Jibu lilimjia Mshikaji baadaye, akifua nguo zake za kazi: kwamba hakuwa na njia nyingine ya kumshika anayekufa, na kwamba hiyo moja aliyokuwa nayo alimpa baba yake yote. Lakini nani wa kumweleza? Msibani macho yake yalikuwa makavu, na hilo likatia petroli kwenye moto. Shangazi alimtangaza kwa kila aliyefika, tena kwa kutia chumvi, hadi ikasemekana alimpigia mzee mluzi.

Haukupita muda mrefu mama naye akalala kitandani asiinuke tena. Mshikaji alikwenda na matunda. Mdogo wake akayapokea pale mlangoni, akauegemea mlango na kusema, "Mama humgusi." Akarudi tena na supu, supu ikaingia, yeye akabaki nje. Aliomba akae tu kwenye kizingiti, asiseme kitu. Akakataliwa. Kutoka pale nje aliweza kumsikia mama yake akikohoa, halafu akinyamaza kwa muda, halafu akikohoa tena.

Kazini aliendelea kama kawaida. Alisafisha mabanda, akachanganya chakula, akashika. Ndani yake kulikuwa na ganzi kutoka unyayoni hadi utosini, isipokuwa kitu kimoja tu, nacho kilikuwa woga. Aliogopa kwamba mama yake angekufa yeye akiwa upande wa pili wa ule mlango.

Siku mdogo wake alipotokea kituoni, Mshikaji alikuwa mezani na mbwa jike mzee. Wamiliki wake walihama nyumba wakamwacha amefungwa, na alipopatikana figo zilikuwa zimekwisha. Sindano ilikuwa imeshaingia. Alimwona mdogo wake kwenye mlango, mkoba umekumbatiwa kifuani, akaogopa kwamba amekuja kumletea taarifa ya msiba. Lakini huwezi kuachia katikati. Akaendelea na maneno yake, sauti haikupanda wala kushuka. Mbwa akamlamba kifundo cha mkono, akalaza kichwa. Kidole kikagusa pembe ya jicho. Daktari akaweka kipimo, akasema ndiyo, akatoka.

"Kila mmoja unamfanyia hivi?" mdogo wake akauliza.

"Kila mmoja."

Mdogo wake akamtazama yule mbwa kwa muda. Kisha, shingo upande, akasema kwamba mama bado yupo, ila ni wa leo au kesho, na kwamba anamtaka dada mtu. Mdogo mtu alikuwa amemwambia mama kuwa yeye mwenyewe yupo, atamshika. Mama akakataa, akasema huyo mdogo atamlilia kwa makelele.

Mshikaji akavua koti la kazi, akanawa hadi kwenye viwiko, akanawa tena. Wakaondoka pamoja kwenda nyumbani.

Mama alikuwa amebaki ngozi na mifupa, lakini macho yalikuwa yanaona na sauti ilikuwa ya kwake.

"Umechelewa, mwanangu."

"Kazi, Mama," akajibu, na mdogo wake akainamisha kichwa.

Mama akamwambia akae kitandani. Akamwambia kwamba siku ile alikuwa macho kwenye kile kitanda cha pili, na aliona kila kitu. Baba yao alikuwa mtu wa kushtuka usingizini tangu walipooana, hajawahi kulala usiku mzima bila kuruka, na siku ile kwa mara ya kwanza alimwona amelala. "Na mimi nifanyie hivyo hivyo," akasema. "Usinipunguzie neno."

Akaweka mkono mmoja chini ya kidevu cha mama yake. Kilikuwa chepesi na cha moto. Mwingine akauweka nyuma ya sikio, kwenye nywele.

"Tulia," akasema.

Neno lililofuata alilijua vizuri kuliko jina lake, lakini halikutoka. Tone likaanguka kwenye mto, likafuatiwa na jingine, naye akatazama juu kwanza, akidhani paa linavuja. Halafu mabega yakaanza kutikisika na sauti ikamtoka, mbaya, ya kukwaruza, sauti ya mtu aliyesahau namna ya kulia. Alijaribu kujikaza kisabuni, akashindwa. Mdogo wake alisimama mlangoni, hajui aingie au atoke.

Mama akafumbua macho.

"Mbona unalia?" akauliza. "Nimekuita wewe kwa sababu wewe hulii."

Mikono ya Mshikaji ilibaki palepale, chini ya kidevu na nyuma ya sikio, na mama yake, aliyechoka, akamsubiri amalize.