Kofia ya Pama Ghalani Keumbu

…na kwa nini mvua isimkimbize kwingine, Keumbu yote hii ina vibaraza, ina maduka, mbona mzee Machogu aje kujikinga hapa, kwenye ghala la pareto, sasa hivi, wakati Makori amekwisha kupanda juu ya mizani ya magunia ambayo ndiyo jukwaa lake, amekwisha kuvaa kofia ya pama na lile koti kuukuu, fimbo mkononi, mgongo umepinda, mdomo wazi, na neno la kwanza limemkwama… “Lete mzee! Lete ile mzee ya nyama!” wanapiga kelele wakulima waliokalia magunia yao wakingoja lori, na Angwenyi, karani wa ghala, yeye ndiye aliyemwingiza katika upuuzi huu, anapiga meza kwa kiganja, “Makori, bwana, usitunyime!”, hawajui, masikini, wameucheka mchezo huu tangu msimu uliopita bila kujua kwamba mzee wa mchezo ana jina, ana boma kule Kiogoro, ana binti anayeitwa Kemuma, mke wa Makori, na kwamba amesimama pale mlangoni akichuruzika maji, baba mkwe mzima, Msabato wa kukaza, kofia ya pama kichwani… na mlango ni huo mmoja tu. Ashuke? Ashuke aende wapi, apite ubavuni mwa mzee akiwa amemvaa mzee? Amwamkie basi kwa heshima zote, kama inavyompasa mkwe, na ghala zima ligeuke, litazame kofia hii, litazame na ile, likishapata jina ndipo litakapocheka mpaka Nyamira… aendelee, basi, acheze, na hilo ndilo haliwezekani kabisa, maana ipo chinsoni, ile haya inayomtenga mtu na mkwewe, hamtaniani, hamkai benchi moja, hata kukohoa mbele yake unafikiria kwanza, sembuse kumwigiza akimeza mate… chini ya miguu yake sindano ya mizani inatetemeka, inakwenda, inarudi, wa mbele wameiona, wanacheka, wanadhani ni sehemu ya mchezo, hata kimya chake wanakicheka, Mungu wangu, mtu akishaitwa mchekeshaji hana tena namna ya kunyamaza… na ni mchezo mdogo tu jamani, mzee siku ya arusi ya bintiye, sahani ya nyama mbele yake, anaisukuma, “Nimeshiba, nimeshiba,” na koo linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, hapo ndipo watu huanguka, koo lile, hakuna katika Kisii yote awezaye kulicheza koo lile kama Makori… ndilo lililomwondoa Kemuma. Aliwakuta wanawake sokoni wakilichezacheza koo la baba yake kwenye mafungu ya ndizi, akarudi nyumbani hajanunua kitu, akafunga nguo zake, hakulia, angalau angelia, “Baba hakuwa na njaa siku ile,” alisema, “sijamwambia, na sitamwambia, lakini siku atakapojua, usije kunichukua,” na Makori akamtazama kutoka mlangoni akiwaza, hakuwa na njaa, sasa alikuwa anameza nini?… “Mzee! Mzee!” Kesho ndiyo siku ya kwenda kumchukua, shati limepigwa pasi, mama yake Makori amekwisha kutoa jogoo, kesho, na mzee huyu hapa, labda hajaona, kiza cha mvua, macho ya uzee, labda… anaona. Anaitazama kofia, anashuka kwenye koti, anaishia kwenye fimbo, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba, na Makori anataka mabati yaanguke, anataka lori lije, anamtaka Kemuma, anamtaka hivi hivi bila jogoo wala shati… mzee anainua mkono. Sasa atanena, sasa atamlaani mbele za watu. Mkono unafika kwenye kofia yake, ile asiyoivua ila kwa sala, anaivua, anaiingiza chini ya koti lake, polepole, anaibana kwapani isionekane, na kichwa kinabaki wazi chini ya tundu la paa, kidogo, cheupe, maji yanakidondokea, hakuna anayegeuka, hakuna anayejua, anamficha Makori au anajificha mwenyewe, au haya yao ni moja… na koo la mzee linapanda, linashuka. Linapanda, linashuka. Hakuna nyama hapa, hakuna sahani, na Makori anaona, kwa mara ya kwanza tangu alijue koo lile, kwamba ndivyo mtu mzima anavyolia mbele za watu, ndivyo alivyolia siku alipomwoza Kemuma, naye Makori alikuwa kando yake kwa suti ya kuazima, akilitazama, akijifunza namna ya kuliigiza… mvua haijapungua, lori halijaja, Angwenyi anapiga meza, “Makori, bwana!”, sindano inatetemeka, na ghalani mwote mwenye kofia ya pama sasa ni mmoja tu, na mikono yake haijui kuivua.