Mlango wa Mwenye Eda

Eda ya Mwanabaraka ilikuwa haijatimiza mwezi, na hiyo ndiyo iliyomponza. Mumewe, Bwanausi, alikufa kwa ndui iliyoshuka na misafara ya bara, akamwachia mtoto mmoja tu, Sada, wa miaka mitano. Na mwenye eda hatoki nje, wala haonani na wanaume wasio maharimu wake. Bagamoyo nzima inajua hivyo.

Asubuhi hiyo daktari wa Kizungu alikuja barazani na mkalimani wake, Mtoro. Alikuwa na kichupa cha chanjo kilichokaa baharini miezi miwili, naye mwenyewe hajui kama bado ni dawa au imeshageuka sumu. Alitaka mtoto mmoja wa kuijaribia kabla ya kuchanja mji mzima. Nyumba kumi na mbili alibisha hodi, na kote kina baba walimfukuza. Sasa kafika kwa yatima. Loo! Kumbe mtoto akifiwa na baba, mwili wake hauna mwenyewe!

"Walii wake ni mimi," alisema Darwesh, ndugu wa marehemu. "Nimemzika ndugu yangu kwa mikono hii. Sitaki kumzika na mwanawe. Mchanje."

Darwesh alimpenda mtoto. Mwanabaraka alilijua hilo, na ndilo lililomuuma zaidi, maana mwenye nia mbaya angalau unamlaani roho ikapoa.

Alishika komeo la mlango, yeye ndani, mtoto nje barazani. Atoke? Akivunja eda, ukoo wa mume watasema hana adabu, na Sada watamchukua kabisa. Asitoke? Ya Rabi, mtoto ndiye huyo anaburutwa kwenye mkeka!

"Mama!" aliita Sada.

"Sitaki!" Mwanabaraka alipiga kelele. "Mwacheni mwanangu!" Lakini kwikwi zilimkaba, na mlango ulikuwa wa mbao nene. Barazani kilifika kilio tu.

Daktari alisita. Alisema neno kwa lugha yake.

"Bwana anauliza," alisema Mtoro, "nani analia humo ndani?"

"Mjane," alijibu Darwesh kwa huzuni. "Anamlilia mumewe. Kila siku ndiyo hivyo, maskini."

Kwenye upenyo wa mlango Mwanabaraka alimwona Mzungu akivua kofia, akainama kwa heshima kuelekea upande wake. Kisha akauomba mkono wa mtoto.