Mwandiko wa Bwana Pellam

Kuandika nilifundishwa na mke wa Bwana Pellam, na wala si kwa kunipenda. Macho yake yaliingia ukungu akataka mtu wa kumsomea Biblia. Alipoona herufi zangu zimenyooka kuliko zake, akanipa na barua za kwenda kwa wanawe huko Charleston nimwandikie. Alipofariki nilidhani kalamu yangu imezikwa naye.

Mwaka uleule jongo likamshika Bwana mkono wa kulia, vidole vikamvimba kama viazi vitamu. Karani aliyemwajiri alikaa miezi mitatu, kisha akatoweka na farasi. Ndipo asubuhi moja Bwana akaniita kutoka jikoni, akafunga mlango.

"Binah, unajua sheria inasemaje juu ya mtumwa kuandika?"

"Sijui, Bwana." Nilijua. Anayemfanya mtumwa wake karani hutozwa faini ya pauni mia moja.

"Basi elewa. Wewe huandiki. Anayeandika ni mimi. Wewe unanishikia kalamu tu."

"Ndiyo, Bwana. Niishike kwa mkono gani?"

Akanitazama sana, akitafuta kejeli. Uso wangu ulikuwa mkavu kama ubao.

Nikamshikia kalamu miaka minne, hata sahihi nikiitia mimi. Kila aliyesema anaujua mwandiko wa Bwana Pellam, kutoka Mto Santee hadi London, alikuwa anaujua wangu. Kuna siku mkono ulimpa nafuu, akatia sahihi mwenyewe kwenye hati ya mpunga. Wakala wake wa London akairudisha, akiuliza ni mhuni gani huyo aliyeghushi. Ikabidi niiandike upya mimi.

Kwa binti yake alikuwa akiandika mambo matamu: mapichi yameiva, na watu wetu wote ni wazima na wanatupenda kama wazazi wao. Wiki niliyoyaandika hayo tulikuwa tumezika watoto watatu kwa homa, na mmoja alikuwa Juba, mwanangu. Kwa wakala wa London alikuwa mkali.

"Andika: Bunge la London limetugeuza watumwa. Umeandika?"

"Nimeandika, Bwana."

"Andika: mwanamume mwenye damu mwilini hawezi kuvumilia minyororo."

"Minyororo mingi au mmoja, Bwana?"

"Mingi! Mingi, we mwanamke! Kwani wewe hujui minyororo?"

"Naijua, Bwana. Naulizia herufi tu."

Vita vikaja, Bwana akawa upande wa walioasi utawala wa Waingereza. Waingereza wakautwaa mji wa Savannah, wakatangaza kwamba mtumwa wa mwasi yeyote akifika kambini mwao yuko huru. Habari hizo sikunong'onezwa na mtu. Nilizipata kinywani mwa Bwana mwenyewe, nikimwandikia laana zake.

Mwezi wa sita akaniandikisha barua ya kwenda kwa Bwana Lockyer, mnunuzi wa Georgetown. "Nakupelekea Quash, fundi wa mapipa, umri miaka thelathini na minne, meno yote yapo. Mchukue yeye na barua hii."

Quash ni mume wangu. Bwana alijua vizuri, maana alituoza mwenyewe ukumbini akatupa na bata mzinga. Akatazama dirishani, akapangusa jicho.

"Binah, jambo hili linaniuma mimi kuliko wewe."

"Niliandike na hilo, Bwana?"

"Hapana, hapana! Hilo ni letu sisi wawili."

Niliandika kila neno. Bwana alipokwenda kulala baada ya chakula cha mchana, nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika cheti cha njia: Quash na Binah waachwe wapite hadi ukingo wa Mto Savannah, wanakwenda kumtengenezea rafiki yangu mapipa. Nikatia sahihi ileile ya kila siku.

Jioni nikamsomea Quash barua aliyokabidhiwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani ananituma nikajiuze kwa miguu yangu?"

"Tena kasema usichelewe."

Alicheka, kisha akakaa chini akalia. Tukapita kwenye kaburi la Juba, Quash akafukia pale nyundo yake ndogo aliyojifunzia ufundi. Halafu tukashika njia ya kusini.

Siku ya tano doria ikatukamata. Mkuu wake alikuwa Kapteni Stokes, mtu ambaye Bwana alimwandikia kila Krismasi. Akakifungua cheti.

"Pellam huyu," Stokes akawaambia wenzake. "Mwandiko wake ningeujua hata gizani. Tazameni herufi, nyie wajinga msiojua kuandika hata majina yenu! Huyu ndiye mtu aliyesoma." Akatupa maji na mkate wa mahindi. "Mkirudi, mwambieni Bwana wenu namsalimu."

"Salamu zitamfika, Bwana," nikasema.

Yaliyobaki alitusimulia mpishi Hagar, aliyetufuata baada ya miezi miwili. Bwana alipong'amua, aliishika kalamu kwa vidole vyake mwenyewe, akamwandikia Stokes atukamate. Stokes akamtia ndani aliyeileta barua, akamwandikia Bwana kumwonya: kuna mtu analighushi jina lako, tena ana mwandiko wa kuku. Bwana angeeleza nini? Kila maelezo yalikuwa na faini ya pauni mia moja.

Savannah tulipanga foleni ya kuandikishwa juani mbele ya meza ya ofisa wa Kiingereza. "Weka alama hapo," akaniambia bila kuinua macho. Nikaandika jina langu. Katika miaka minne nilikuwa sijaliandika hata mara moja, na lilinishangaza kwa ufupi wake.

Ofisa akainua macho. Akaigeuza karatasi huku na huku, akafurahi sana.

"Vizuri mno! Kesho njoo ofisini. Nina barua zimejaa, na mkono wangu huu—"

"Kwa mshahara gani, Bwana?"

Alicheka mpaka akakohoa, maana alidhani uhuru wenyewe ndio mshahara. Tukavutana hadi foleni ikaanza kunung'unika. Mwisho tukakubaliana mikate minne kwa wiki na ratili mbili za nyama ya chumvi. Quash alisema nimepunjwa.